Kibarua wa nyumbani nyuma ya mashine: ukweli, amana na ujira

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe wote, aliyemjaalia mwanadamu akili ya kutafakari na mikono ya kuchumia riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia kazi ambayo wazazi wengi hawajui hata jina la kuiita. Kijana amemaliza chuo, ofisi zimemfungia milango, lakini kila jioni hukaa chumbani mbele ya kompyuta mpaka usiku wa manane. Baba anadhani mwanawe anapoteza wakati, mama anahofia kuwa ni mambo ya haramu, na majirani nao wana lao la kusema. Akiulizwa, kijana hujibu kwamba anapanga ratiba za watu walioko Marekani kwa niaba ya mashine. Jibu hilo huzidisha shaka badala ya kuiondoa.

Maswali tunayoletewa baada ya darsa ni haya: Je, kazi hiyo ni halali? Ujira wake ni safi? Binti aruhusiwe kuifanya? Tumeona ni wajibu kuyajibu kwa uwazi, kwa sababu jambo likiachwa bila maelezo, wazazi huharamisha lililo halali na vijana huhalalisha lililo haramu.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe, kwani wanazuoni wetu wametufundisha kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

Mwaka 2014 ilianzishwa mjini New York kampuni iitwayo x.ai. Kampuni hiyo iliuza huduma ya msaidizi aliyepewa jina la Amy Ingram, na mwenzake wa kiume akaitwa Andrew Ingram. Mteja aliyetaka kukutana na mtu alimtumia Amy nakala ya barua pepe, naye Amy akaandikiana na yule mtu mwingine mpaka siku, saa na mahali pa kukutana vikapatikana. Wengi walioandikiwa na Amy walidhani ni katibu muhtasi wa kawaida. Waliouziwa huduma waliambiwa kuwa ni mashine yenye akili, ile tunayoiita siku hizi akili mnemba. Huko San Francisco nako kulikuwa na kampuni nyingine, Clara Labs, iliyotoa huduma ya namna hiyo hiyo.

Mwaka 2016 shirika la habari la Bloomberg lilichapisha taarifa iliyoonyesha kuwa nyuma ya wasaidizi hao walikuwapo watu wa nyama na damu. Mashine ilipokea barua na kukisia maana yake. Binadamu alikaa mbele ya kioo cha kompyuta kwa saa nyingi akikagua ukisiaji huo. Aliweka alama: haya ni maneno ya siku, haya ni ya saa, hapa ni mahali, huyu ndiye anayealikwa. Pale mashine ilipokosea, yeye alisahihisha. Kila sahihisho lake likawa somo kwa mashine, ili kesho ikosee kidogo zaidi.

Msomaji asidhani hiyo ni kazi nyepesi. Mtu akiandika kwamba tuonane Jumatano ijayo, je, ni Jumatano ya wiki hii au ya wiki ya pili? Mfanyabiashara wa Mombasa au Dar es Salaam akisema tukutane saa nne, sisi tunajua anakusudia asubuhi, saa ambayo Mzungu huiita saa kumi. Akisema tukutane Ijumaa baada ya swala, mashine isiyofundishwa haina habari kwamba hapo ni mchana baada ya watu kutoka msikitini. Elimu hiyo haitoki katika waya. Hutoka kwa mtu aliyelelewa miongoni mwa watu, akajua wasemavyo na wakusudiavyo.

Huduma ya x.ai haikudumu. Mwaka 2021 kampuni ilinunuliwa na kampuni nyingine iitwayo Bizzabo, na mwaka huo huo huduma ikafungwa. Hata hivyo kazi ya aina hiyo haikufa nayo. Programu za leo zina uwezo mkubwa kuliko Amy, lakini bado wapo watu wanaozikagua, kuzisahihisha na kuzipa alama, na wengi wao hufanya hivyo wakiwa majumbani mwao. Nchini Kenya serikali ilianzisha mwaka 2016 mpango wa Ajira Digital ili kuwaelekeza vijana kwenye kazi za mtandaoni. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kuingia katika nyumba zetu, na hatuwezi kulitazama kama habari za ng'ambo.

Asili ya hukumu ni kwamba kumpangia mtu ratiba kwa ujira ni halali. Ni ijara, yaani kukodisha juhudi na ujuzi, mlango ambao mafakihi wameueleza kwa urefu. Bibi Khadija (RA) alimwajiri Mtume (SAW) kabla ya utume ili amsimamie biashara yake katika msafara wa Sham. Nabii Musa (AS) alifanya kazi Madyan kwa mkataba wa miaka minane, na akitaka aikamilishe kumi. Bibi Zaynab bint Jahsh (RA), mke wa Mtume (SAW), alijulikana kwa kazi za mikono yake na kwa kutoa sadaka kutokana na kazi hizo. Hivyo anayechuma nyumbani kwa jasho la akili yake hana sababu ya kuona haya, na mzazi hana haki ya kumdharau. Lakini halali ina mipaka, na katika kazi hii sisi tunaiona mipaka mitatu: ukweli, amana na ujira.

Tuanze na ukweli. Mwaka 1770, katika jumba la kifalme mjini Vienna, ilionyeshwa mashine iliyocheza sataranji. Ilikuwa na sanamu ya mtu aliyevishwa kilemba na joho la Kituruki, ameketi nyuma ya kabati, na kwa miongo kadhaa ilizungushwa Ulaya na Marekani ikiwashinda watu mashuhuri. Napoleon mwenyewe alicheza nayo mwaka 1809. Iliteketea kwa moto mjini Philadelphia mwaka 1854. Siri yake ilikuwa mtu aliyejificha ndani ya kabati. Kampuni ya Amazon ilipofungua mwaka 2005 soko lake la vibarua wadogo wadogo wa mtandaoni, ililipa jina la mashine hiyo hiyo, Mechanical Turk, kana kwamba kumficha mtu ndani ya kabati ni jambo la kuchekesha tu.

Nayo Google ilionyesha mwaka 2018 programu ya kupiga simu na kuweka miadi kwa sauti inayofanana na ya binadamu. Mwaka uliofuata gazeti la The New York Times likaripoti, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kuwa takriban robo ya simu hizo zilianzwa na binadamu halisi. Tena jimbo la California lina sheria iliyoanza kutumika Julai 2019, inayokataza mashine kujifanya mtu kwa lengo la kumhadaa mwenzake katika biashara au katika kura. Sheria hiyo ina manufaa. Lakini imeziba tundu moja tu, kwa kuwa haikumgusa mtu anayejifanya mashine.

Sisi tuna kipimo kilichotangulia karne nyingi. Mtume (SAW) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba mvua imeinyeshea. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini basi asiuweke unyevu ule juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Tazama, ewe msomaji, nafaka ile haikuwa sumu, na huenda ingelika. Kosa lilikuwa kuficha hali ya bidhaa ambayo mnunuzi angependa kuijua. Basi anayeuza huduma akisema hakuna jicho la mtu litakaloona barua yako, hali yapo macho kumi yanayoisoma usiku na mchana, huyo ameweka pakavu juu na pabichi chini.

Wapo watakaosema: mteja amedhurika nini? Alitaka miadi, na miadi ameipata. Tunajibu kwamba mtu huiandikia mashine yale ambayo asingemwandikia binadamu. Ataandika kuwa Jumatatu hana nafasi kwa sababu ana miadi na daktari wa saratani, au kwamba Alhamisi anakwenda mahakamani kwa shauri la talaka. Angejua kuna msichana au mvulana anayeisoma, pengine angesema tu kwamba ana udhuru. Aliyeondolewa hiari hiyo bila kujua amedhulumiwa, hata kama miadi yake ilipangwa barabara.

Je, dhambi ya ghushi hiyo inamwangukia kibarua? Hapa yafaa tutofautishe. Kuandika barua kwa jina la huduma si uwongo peke yake, kama vile karani anavyoandika kwa jina la ofisi na hakuna anayemlaumu. Kusahihisha kazi ya mashine nako si uwongo. Lakini mteja akiuliza waziwazi kama anazungumza na mtu au mashine, na kibarua akaagizwa aandike kuwa hakuna mtu hapa, huo ni uwongo mtupu, na utiifu kwa mwajiri haukuwekewa nafasi katika kumuasi Muumba. Rai yetu ni kwamba Muislamu asiandike jibu hilo. Alipeleke swali kwa msimamizi wake, au ajibu lile aliloulizwa kuhusu ratiba bila kudai asichokuwa. Ikiwa mwajiri atashikilia kwamba ni lazima akane ubinadamu wake, basi aanze kutafuta mlango mwingine wa riziki na aondoke.

Tunaujua uzito wa maneno haya. Tunajua zipo nyumba ambazo kodi, dawa ya mama na ada ya wadogo vinategemea kompyuta hiyo moja. Ndiyo maana tunasema swali liulizwe mapema, kabla ya mkataba kukubaliwa: Wateja wenu wanaambiwa nini kuhusu sisi? Kampuni nyingi zenye adabu zitajibu bila kigugumizi kuwa huduma yao ni mashine na watu kwa pamoja. Isiyotaka kujibu imekwisha kujibu.

Mpaka wa pili ni amana. Kibarua wa ratiba huona kalenda ya mtu asiyemjua, na kalenda ni kitabu cha siri. Humo mna hospitali, mna wakili, mna benki, mna mtu anayetafuta kazi nyingine huku bosi wake hajui. Mwenyezi Mungu (SW) ametukataza katika Suratul Hujurat kupelelezana na kusengenyana, wala katazo hilo halikuishia kwa jirani wa mtaani. Haifai kumhadithia mama au mume yaliyosomwa kazini, hata kwa kucheka. Haifai kufungua barua isiyohusiana na kazi aliyopewa. Haifai kompyuta kuachwa wazi sebuleni ambako wadogo wanapita na wageni wanakaa. Sheria za nchi nazo zimelitambua jambo hili, kwani Kenya ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi, na Tanzania inayo ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini Muislamu hutunza siri hata mahali ambapo hakimu hamfikii.

Mpaka wa tatu ni ujira, na hapa lawama inahamia kwa mwajiri. Tumetaja mkataba wa Nabii Musa (AS): kazi ilijulikana, muda ulijulikana na malipo yalijulikana. Mtume (SAW) ameamuru mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi Qudsi iliyopokewa na Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu (SW) amejitangaza kuwa mgomvi wa mwenye kumtumikisha mtu kikamilifu kisha akamnyima ujira wake. Sasa tuyapime yanayotendeka. Kuna vibarua wanaolipwa kwa kila kipande cha kazi, wala hawajui kesho vitapatikana vipande vingapi. Kuna wanaoambiwa kuwa kazi yao imekataliwa bila kuelezwa sababu, na malipo hawayaoni, ilhali kazi yenyewe imebaki mikononi mwa aliyeikataa. Hiyo ni dhulma, hata ikiandikwa katika masharti ya kurasa 40.

Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba vijana wa Nairobi, waliokuwa wakisoma na kuwekea alama maandishi machafu ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka, walikuwa wakipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kazi yao ilikuwa nzito mno kuliko ya kupanga ratiba, kwa kuwa walisoma mambo yanayoumiza nafsi. Tunaitaja ili wazazi wafahamu kuwa si kila kazi ya kusaidia mashine iko sawa na nyingine. Mzazi amuulize mwanawe: unasoma nini humo, unalipwa kwa kipimo gani, na lini? Amuulize kwa upole, si kwa upelelezi. Nao vijana waandike kila siku saa walizofanya na vipande walivyomaliza. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni, na ujira usiolipwa ni deni.

Baada ya hayo tuje nyumbani, kwani kazi hii imeleta ofisi ya mbali chini ya paa letu. Saa za kazi za New York, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni yao, kwetu huanza saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea majira ya mwaka kwao, na kwisha saa sita au saa saba usiku. Za San Francisco huanza kwetu saa moja au saa mbili usiku na kwisha saa tisa au saa kumi alfajiri. Maana yake ni kwamba swala ya Ijumaa inasalimika, lakini kwa wa New York Magharibi na Isha zinaingia katikati ya zamu, na Ramadhani futari huwakuta kazini. Anayelala saa kumi alfajiri atapata tabu kubwa kuamka kwa swala ya Alfajiri. Basi mapumziko ya swala yaombwe na kukubaliwa mwanzoni, na familia imsaidie kwa kumwamsha.

Jambo lingine ni sitara. Baadhi ya waajiri huweka programu inayopiga picha ya kioo cha kompyuta au hata ya mfanyakazi mwenyewe kila baada ya muda. Suratun Nur imeamuru watu waombe idhini kabla ya kuingia nyumba za wengine. Imeweka pia nyakati tatu za faragha ndani ya nyumba, kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya swala ya Isha, ambapo hata watoto na watumishi wa nyumbani hubisha hodi. Ikiwa mtoto wa nyumbani anatakiwa kubisha hodi, vipi jicho la mwajiri wa ng'ambo liingie baada ya Isha bila ya wenye nyumba kujua? Kijana awaambie wenzake mapema kwamba kamera inafanya kazi, na aielekeze ukutani, si kitandani wala kwenye njia ya dada zake.

Ama kwa mabinti na wake zetu, tunasema kazi hii inaweza kuwa heri kwao, lakini tuache kudhani kuwa aliye nyumbani hana kazi. Mwanamke anapanga miadi ya watu kumi, huku anaitwa aangalie chungu, afungue mlango, amnyamazishe mtoto. Kisha akikosea na kukatwa malipo, anaambiwa si ulikuwa umekaa tu. Huo si uadilifu. Saa zake za kazi ziheshimiwe kama zinavyoheshimiwa za mwenye duka. Na ujira wake ni mali yake. Mume au baba hana haki ya kuuchukua ila kwa ridhaa yake, na matumizi ya nyumba yanabaki juu ya mume. Akisaidia, hiyo ni sadaka na ihsani, naye ashukuriwe.

Mwisho, vijana wetu waujue ukweli mmoja. Kazi hii inamfundisha anayekusudiwa kuichukua. Kila sahihisho unalofanya leo linapunguza haja ya kuwapo kwako kesho, na waliomsahihisha Amy hawakuachiwa Amy wala kazi. Kwa hiyo kazi hii ichukuliwe kuwa daraja. Sehemu ya kipato itengwe kwa ajili ya kujifunza ujuzi mwingine, na sehemu iwekwe akiba. Nayo misikiti na madrasa zetu, zenye walimu na wahitimu wa vyuo vikuu, ziwakusanye vijana hawa angalau mara moja kwa mwezi, washauriane kuhusu mikataba na waajiri wanaofaa kuepukwa. Kibarua aliye peke yake chumbani ni rahisi kudhulumiwa, naye hana hata wa kumwuliza.

Kwa ufupi, enyi wazazi, msiifunge kompyuta kwa hasira, na enyi vijana, msiufunge mlango kwa ukali. Elezaneni. Kazi ikiwa na ukweli kwa mteja, amana kwa siri za watu na ujira unaojulikana, ni ya halali, nanyi iombeeni baraka. Likikosekana mojawapo, lirekebishwe, na lisiporekebishika, riziki ya Mwenyezi Mungu (SW) ni pana kuliko kabati la kujificha ndani yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) awape vijana wetu riziki ya halali isiyowavunjia heshima, awaongoze waajiri watoe haki, na azihifadhi nyumba zetu. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.